Swali Lililotenguliwa

Msiniulize nchi yetu inaitwaje. Jina lake ni refu, lina vyeo ndani yake, na nikilitaja nusu nitakuwa nimelivunjia heshima. Inatosha mjue kwamba ni nchi ya joto na vumbi, na kwamba ina Wizara ya Ncha za Dunia. Mimi, Wilbard, ni Afisa Itifaki wa wizara hiyo.

Najua mtacheka. Watu wa nje wakisikia nchi ya joto ina wizara ya kushughulikia barafu huangua kicheko, halafu huuliza eti tunafanya kazi gani. Kazi zipo tele. Wizara iliundwa kwa sababu majirani zetu walikuwa wameunda ya kwao, na Mkuu wa Nchi akasema hatuwezi kuachwa nyuma katika jambo hata kama hatulijui. Tukapewa jengo, magari, na zulia la bluu la kutoka ukuta hadi ukuta. Baadaye nchi rafiki ikatuletea zawadi ya kipande cha barafu kutoka Ncha ya Kusini kwenyewe. Tukakiweka ndani ya friza kwenye ukumbi wa mapokezi, na askari akasimamishwa pembeni yake. Hiyo ndiyo Barafu ya Taifa. Kwa sababu ya mgao wa umeme imeyeyuka mara nyingi na kugandishwa tena, na safari moja mfagiaji aliiongezea maji ya bomba kwa kuwa ilionekana kupungua, lakini kisheria ni ileile.

Sasa niwaeleze utaratibu wetu, maana bila huo hamtaelewa yaliyompata Siwema. Kwetu swali si swali tu. Swali lina cheo, na cheo chake ni cha mdomo uliolitamka mbele za watu. Waziri akiuliza ni saa ngapi, hilo ni swali la daraja la kwanza na watu husimama kulisikiliza. Mtafiti wa chini akiuliza mbona jengo linatoa moshi, hilo ni la daraja la tano na husubiri yaliyo juu yake yaishe. Kazi yangu ni kujua kila swali limetoka mdomo gani na kulipanga mahali pake. Sijisifu, ila katika nchi nzima hakuna anayenishinda kwa kujua nani aketi wapi na nani atangulie.

Siwema alikuwa daktari wa vitabu, si wa sindano, na ndiye pekee pale wizarani aliyesomea barafu. Kwa sababu hiyo alipewa chumba nyuma ya stoo. Kwao ni kisiwa cha Mwambeni, ambako mama yake, Bi Kazija, anaishi hadi leo. Bahari imekuwa ikipanda Mwambeni tangu Siwema akiwa mtoto wa shule. Ilianza na minazi, ikaja kisimani, na wakati huo ninaousimulia ilikuwa imeingia makaburini na kulikaribia kaburi la baba yake. Watu wa Mwambeni wakaomba wahamishiwe bara.

Serikali yetu ni sikivu, na anayesema vinginevyo ana lake jambo. Iliwatengea watu wale mahali panapoitwa Kilimajani, ikachimba kisima kipya na kusimamisha bango la kuwakaribisha. Ila iliwaambia kwamba serikali haihamishi watu kwa hisia. Ilitaka kwanza utafiti useme barafu ya kusini inayeyuka kwa kasi gani na bahari itazifikia nyumba lini. Utafiti ukishasema, meli zitatumwa kuwachukua. Basi Siwema akawa anaishi kwa ajili ya swali hilo moja.

Bahati ikaja. Baraza la Nchi Rafiki wa Ncha ya Kusini lilitangaza kwamba linataka vipaumbele vya pamoja vya utafiti. Kila nchi ilete maswali matatu, Baraza litachagua moja, na wanasayansi wa mataifa yote watalifanyia kazi hilo moja kwa miaka kumi. Siwema aliposikia habari hiyo alikuja mezani kwangu akiwa ameshika kikombe cha chai, na chai ilikuwa inamwagika.

"Kaka Wilbard, hapa ndipo," aliniambia. "Likiingia katika yale matatu, nimemaliza."

"Litaingia tu, Dada. Kwa utaratibu," nikamjibu.

Warsha ya kupanga vipaumbele ilifanyika hotelini, maana ofisini kuna kazi. Nilianza kwa kuwatambua wageni wote kwa vyeo vyao, shughuli iliyotufikisha kwenye chai ya saa nne. Ndipo Katibu Mkuu, Ndugu Filimoni Sadoki, alipofungua mjadala.

"Itifaki imezingatiwa," alisema. "Ndugu wajumbe, dunia nzima inatusubiri sisi. Tuulize bila woga, lakini tuulize kwa kufuata vyeo."

Naibu Waziri akataka kujua kama pengwini wana mwenyekiti, na kama wanaye, alipatikana kwa njia gani. Mkurugenzi wa Usafiri akauliza iwapo magari ya wizara yanaweza kutembea juu ya barafu, na kama viyoyozi viwashwe au vizimwe. Halafu akainuka Mkurugenzi wa Mila, mtu mwenye sauti nzito anayependa kufuta miwani kabla ya kusema.

"Mimi kuna jambo linaninyima usingizi," alisema. "Nasikia kule jua likishachomoza halizami mpaka nusu ya mwaka ipite. Sasa mtu akikutana na mwenzake, amwambie habari za asubuhi kwa miezi mingapi? Ataanza lini kumwambia habari za mchana? Na wakubwa wataamkiwa saa ngapi?"

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Nakiri hata mimi lilinigusa, maana katika miaka yangu yote ya itifaki sikuwahi kuliwazia.

Zamu ya Siwema ilifika baada ya chakula cha mchana, wajumbe wakiwa wanasinzia. Alisimama na kulitamka swali lake polepole, neno kwa neno. Barafu ya Ncha ya Kusini inayeyuka kwa kasi gani, na bahari itazifikia nyumba za watu lini?

"Swali zuri. Tena fupi," akasema Katibu Mkuu. "Afisa Itifaki, liweke panapostahili."

Nikaliweka la mwisho kabisa, chini ya swali la dereva wa Katibu Mkuu, aliyetaka kujua kama kule kuna trafiki. Siwema alinitazama kwa jicho baya, lakini dereva huketi karibu na mkubwa kutwa nzima, na ukaribu huo una uzito wake kwenye mwongozo. Ningefanyaje?

Alasiri hiyohiyo simu ikaja kutoka wizarani. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, Barafu ya Taifa imeyeyuka yote, na maji yanatambaa kuelekea kwenye zulia la bluu. Katibu Mkuu hakumaliza hata kuisikiliza. "Lihamishwe," alisema, akiwa amekwishasimama. Wakurugenzi wakavua makoti, magari yakaondoka yamewasha taa, na kabla ya chai ya jioni zulia zima lilikuwa limekunjwa na kupandishwa ghorofani, pakavu. Hakuna hata pembe moja iliyolowa. Nchi yetu ikiamua jambo, imeamua.

Tuliporudi hotelini, Siwema alinifuata kwenye korido. Alikuwa amefika mahali ambapo mtu halii wala hakasiriki.

"Kaka Wilbard, kuna mtu aliyeuliza maji yatalifikia zulia lini?"

"Hakuna aliyeuliza."

"Ndiyo maana limehamishwa," alisema. Akaegemea ukuta. "Mama yangu siku za bamvua, bahari ikijaa kupita kawaida, analala viatu vikiwa juu ya kabati. Kila nikimpigia ananiuliza serikali imesemaje. Sina cha kumwambia. Nimechoka, Kaka. Naogopa, na sijui nigonge mlango gani tena."

Mimi si jiwe. Nikafikiri, na nilipofikiri nikaona njia iliyokuwa ndani ya utaratibu kabisa. Swali halikuwa na kasoro; kasoro ilikuwa mdomo. Likipata mdomo mkubwa zaidi litapanda lenyewe.

Waziri wetu wakati huo alikuwa Mheshimiwa Sabasi Mkong'olo, mtu mpole ajabu, aliyesoma chochote kilichowekwa mbele yake. Safari moja alisoma hadi maneno "geuza ukurasa", na watu wakageuka. Hotuba zake nilikuwa naziandika mimi. Kwa hiyo katika hotuba ya kufunga warsha, kati ya kumshukuru Mkuu wa Nchi na kuwashukuru wapishi, nikalipachika swali la Siwema.

Mheshimiwa alifika hapo, akasoma, akasita. Naona lilimpendeza, kwa sababu alivua miwani na kulirudia kwa kichwa. "Barafu inayeyuka kwa kasi gani, na bahari itazifikia nyumba za watu lini? Nauliza mimi, Mkong'olo." Ukumbi mzima ukasimama. Katibu Mkuu alipiga makofi mpaka saa yake ikafunguka mkononi. Jioni ile swali lililokuwa chini ya trafiki lilikuwa la kwanza, peke yake, na wajumbe walikuwa wakisema wamekuwa wakilifikiria siku nyingi. Lililofuata lilikuwa la pengwini, la tatu la magari, na Mkurugenzi wa Mila akaondoka amenuna kwa kuwa la salamu lilisukumwa nje ya matatu.

Siwema akampigia mama yake pale pale kwenye maegesho, simu ikiwa kwenye spika ili nami nisikie.

"Waziri mwenyewe kauliza?" sauti ya Bi Kazija ikasema.

"Kauliza, mama. Mbele za watu."

"Basi tunahama."

"Mama, subirini kwanza. Kauliza tu, jibu bado."

"Mwanangu, jibu akose nani, akose Waziri?"

Siwema alicheka, nami nikacheka. Laiti angesisitiza. Mwambeni nako wanaujua utaratibu wa nchi hii, na waliposikia swali limetoka mdomo wa Waziri hawakuona sababu ya kungoja zaidi. Wakapanda juu ya nyumba zao, wakang'oa mabati, wakayafunga mafungu na kuyapanga ufukweni tayari kwa meli. Bi Kazija akaenda makaburini na koleo, akaling'oa jiwe la kaburi la mumewe lenye jina lake, akalifunga kwenye kanga. Alisema yeye mwenyewe hawezi kumbeba, basi abebe jina lake wakaanze nalo Kilimajani.

Siku mbili baadaye tulikuwa tunasikiliza taarifa ya habari ya saa saba mchana, kama watumishi wote wa nchi yetu wanavyosikiliza, kijiko kikiwa hewani. Mtangazaji akasema uteuzi wa Mheshimiwa Sabasi Mkong'olo umetenguliwa kuanzia saa hiyo. Sababu hazikutajwa. Huwa hazitajwi, na sisi huwa hatuzitafuti.

Kazi zikaanza mara moja. Picha zake zikashushwa, kikombe chake kikavunjwa kwa heshima, mti alioupanda getini ukang'olewa. Mtu akitenguliwa kwetu, alivyoviacha hutenguliwa pamoja naye, maana mtu akiviacha ataonekana anamkumbuka. Alasiri Katibu Mkuu akatuita, mimi na Siwema.

"Lile swali lake," alisema, hatazami usoni. "Limetenguliwa."

"Swali ni langu mimi," Siwema akasema. "Mliniona nikiliuliza."

"Daktari, kumbukumbu zinasema aliuliza Mheshimiwa wa zamani, akataja na jina lake. Wewe unataka kusema alisoma swali la mtu mwingine mbele ya taifa? Hilo litakuwa kosa jipya juu yake, na wewe utaitwa kulitolea ushahidi."

"Basi niliulize upya. Liwe la mwisho, chini ya trafiki, popote pale."

"Huwezi kuuliza swali la mtu aliyetenguliwa. Watu watauliza unamuunga mkono kwa nini." Sadoki si mtu mbaya. Alimsogezea kiti, akammiminia maji kwenye glasi. "Mimi nina watoto, Siwema. Waziri mpya akija, labda atalifikiria yeye mwenyewe."

Siwema alinigeukia mimi. Nilifungua mwongozo, nikaupekua mbele na nyuma, na kila kitu alichosema Katibu Mkuu kilikuwa sahihi. Nafasi iliyobaki wazi ikachukuliwa na swali la Mkurugenzi wa Mila, ambalo nalo lilikuwa na haki yake.

Tukaenda kwenye mkutano wa Baraza, katika mji wa baridi ambako makoti ya wizara yalitupwaya. Mimi nilikwenda kupanga viti vya ujumbe wetu. Mataifa yakasoma maswali yao moja baada ya jingine, nami nikasubiri la barafu litoke kwa mwingine, kwa kuwa wenzetu hawakuwa na sababu ya kulitengua. Halikutoka. Wakati wa chai mjumbe wa nchi moja kubwa, mama wa makamo mwenye adabu nyingi, akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Lile la kuyeyuka kwa barafu mmeliacha wapi? Sisi tulikuwa nalo, tukaliondoa. Tuliona ninyi ndio wenye kisiwa, si vizuri kuwanyang'anya. Tulijua mtalileta."

Nikawauliza wengine. Wote walikuwa nalo, na wote walikuwa wamelitoa ili watuachie sisi. Sijawahi kuona mataifa yakipeana heshima kiasi kile. Nikamuuliza yule mama kama sasa anaweza kuliingiza, akasema kwa masikitiko kwamba orodha ilikwishafungwa kabla ya chai. Mimi nisingeweza kuliuliza, kwa mdomo upi?

Kikao cha mwisho kilikuwa na ubishi. Kila swali lilimuudhi mmoja, wengine kwa sababu ya mafuta, wengine kwa sababu ya samaki, na la mwenyekiti wa pengwini liliwaudhi wengi zaidi. Swali moja tu halikumtisha mtu yeyote. Kwa kauli moja Baraza likapitisha kwamba kipaumbele cha pamoja cha utafiti wa Ncha ya Kusini kwa miaka kumi ni salamu za asubuhi. Nyumbani bendera zilipandishwa, shule zikafungwa nusu siku, na Mkurugenzi wa Mila akafanywa Waziri wa Ncha. Jambo la kwanza alilofanya ni kulirudisha zulia chini, likiwa kavu vilevile.

Siwema hakusahauliwa. Kwa kuwa ndiye pekee aliyesomea barafu, aliteuliwa kwenda kuongoza utafiti huo kwa niaba ya mataifa. Alinipigia kutoka huko, na upepo ulikuwa unaingia kwenye simu.

"Nimesimama juu yake, Kaka. Naisikia inavyopasuka, mapande makubwa yanadondoka baharini nikiyaona kwa macho. Wenzangu wote hapa wanaona. Tukimaliza kuona tunarudi hemani kuandika tumeamkianaje."

"Vaa vizuri, Dada," nilimwambia. Ndilo lililonijia.

"Mwangalie mama yangu," akasema.

Nilipata nafasi ya kumwangalia kwa sababu wizara ilihitaji kulinganisha salamu za kule na za visiwani, na nikatumwa Mwambeni kuwasikiliza watu wanavyosalimiana asubuhi. Nilifika bamvua limeanza. Mafungu ya mabati yalikuwa ufukweni, ya chini yamezama ndani ya mchanga, yamepata kutu kiasi cha kutoweza kurudishwa juu. Nyumba zilikuwa zimeezekwa maturubai. Waliniamkia vizuri, wote, nami nikaandika.

Bi Kazija alikuwa ameketi mlangoni na lile jiwe miguuni, bado limo ndani ya kanga. Nikamwamkia. Alinitengenezea chai kabla ya kuniuliza lolote, akaongeza sukari bila kuniuliza.

"Lile swali la mwanangu, Wilbard, lilifika?"

"Lilifika mbali, mama. Halafu likarudishwa."

Akatikisa kichwa taratibu, akaliangalia lile jiwe. "Nami hili nilirudishe. Nimekwenda jana, nimekwenda juzi. Sipaoni mahali pake. Wewe ndiye wanasema unajua kila mtu anakaa wapi. Nisaidie."

Tukaenda, mimi nimelibeba. Nilitazama kule alikonionyesha, na kulikuwa na maji, mapana, yametulia, yana jua juu yake. Nilisogea mpaka yakaingia viatuni. Nimepanga viti vya wakuu wa nchi na vya madereva wao, na maisha yangu yote sijawahi kuulizwa mahali pa mtu nikakosa kujua. Nilisimama pale nimelikumbatia, mikono ikianza kuuma, nikatamani angalau nilie.

"Hujui," akasema Bi Kazija.

"Sijui, mama."

"Basi turudi. Liweke mlangoni kwangu, upande wa baharini." Alikunja kanga yake begani, akatangulia. "Maji yanakuja. Yatalichukua yenyewe yampelekee."

Nikaliweka aliponionyesha.